Mtetezi wa mtoto mtaani: kazi huanza ukisharipoti

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, na kila ninapokaa na wanaojitolea kutetea watoto hapa Tanga, wawe wa Makorora, Ngamiani au kule Tongoni, swali la kwanza huwa lile lile: nikimwona mtoto anateswa, nimwambie nani? Hilo jibu lake ni jepesi. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa, afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, haikati salio. Wala si hisani. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwenye serikali yake ya mtaa.

Swali ninalolisubiri, na ambalo huchelewa kuja, ni hili: nikisharipoti, nifanye nini?

Nalisubiri kwa sababu katika kazi hii nimeona kesi nyingi zikifia njiani wakati taarifa ilishatolewa mapema kabisa. Mtuhumiwa anakamatwa, anapata dhamana, kisha wazee wa pande mbili wanakaa barazani. Inatajwa fidia. Mama mtoto anaambiwa asiiaibishe familia, "haya ni mambo ya ndani." Siku ya kesi mtoto hayupo, kapelekwa kwa bibi yake Muheza, na mwendesha mashtaka anabaki na jalada lisilo na shahidi. Mimi afisa mwenye kata kadhaa mikononi nitayajua hayo yakishaisha. Jirani anayajua yanapoanza: kaona mtoto haendi tena shule, kasikia kikao kimeitishwa baada ya Isha. Akinipigia jioni hiyo hiyo, bado kuna la kufanya. Ndiyo maana huwa sivutiwi sana na fulana na vitambulisho vya mradi (semina zina posho, watu huja). Namtaka mtu anayekaa mtaa ule na asiyeogopa kununiwa na jirani.

Saa za mwanzo nazo zina mambo yake. Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, dawa za kumkinga na VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndiyo bora. Kwa hiyo hospitali haisubiri kikao cha ukoo. Asiogeshwe kabla daktari hajamwona. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwani nailoni hutunza unyevu na ushahidi huoza. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, na mtoto anapumzishwa kusimulia mara nne nne.

Na wewe usimhoji. Hapa ndipo wenye huruma zaidi wanapoharibu. "Ni mjomba, siyo? Alikushika hapa?" Mtoto anaitikia, na baadaye wakili wa utetezi anasema kafundishwa. Msikilize, kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama kiungo kakipa jina la kitoto, pamoja na tarehe na saa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto asiyezidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, akishaahidi kusema kweli na kutosema uongo. Kwenye makosa ya kujamiiana mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Ushahidi wa uzito huo hauchezewi kwa maswali ya uani.

Kisha kuna nauli. Kesi ikiahirishwa mara kadhaa, mama anayeuza vitumbua anakata tamaa kwa sababu ya daladala tu. Tarehe mpya ikitajwa, iandike wewe pia, kamkumbushe siku mbili kabla. Ukiona nauli itakwamisha, niambie mapema nihangaike na halmashauri au wasaidizi wa kisheria. Asubuhi ya kesi nitakuwa sina msaada. Na tafadhali, habari za mtoto zisifike kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata bila jina. Mtaa mdogo hauhitaji jina.