Kabla ya Benki, Stoo: Kubana Matumizi Katika Jiji la Kununua Kadogo

Kazi yangu katika chama cha akiba na mikopo (sacco) hapa Nairobi ni kuwafundisha wanachama kutunza fedha, na kila darasa halikosi mtu wa kuuliza: nitaweka akiba gani na mshahara wenyewe umekwisha tarehe kumi? Swali ni la haki. Aliyeajiriwa amekwisha kukatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya jamii, asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba nafuu, mchango wa uzeeni wa NSSF na kodi ya mapato kabla hajaiona hata shilingi. Wa jua kali hakatwi kwenye hati ya mshahara, lakini hulipwa kwa siku, na siku nyingine kazi hakuna. Ukimwambia mtu kama huyo aweke kando asilimia kumi ya kipato chake kila mwezi, atakuitikia kwa adabu tu aondoke.

Jibu langu huwashangaza, pengine kwa sababu linatoka kwa mtu anayelipwa kukusanya akiba. Elfu moja ya kwanza utakayoiokoa, usiniletee. Inunulie sukari, mafuta au sabuni ya mwezi mzima, uiweke stoo. Stoo si lazima iwe chumba. Debe lenye kifuniko chini ya kitanda linatosha.

Nairobi imejipanga vizuri kumhudumia mwenye shilingi ishirini mkononi. Duka la mtaani litakupimia mafuta ya kupikia ya ishirini, sukari robo, majani ya chai ya kumi, kipande cha sabuni, hata nepi moja. Huduma hiyo imeziokoa nyumba nyingi zisilale njaa, na siidharau. Ila ina gharama ambayo hatuioni, kwa kuwa hatuilipi siku moja.

Tufanye hesabu. Bei ninazotumia ni za mfano, wewe weka za dukani kwako. Sukari kilo moja ni 160, robo ni 45. Anayenunua robo robo ameinunua kilo kwa 180. Mafuta ya chupa ni 300 kwa lita, ya kupima yakikokotolewa yanafika 400. Nepi ndani ya pakiti ni 18, ya kununua moja moja ni 25. Nyumba yenye mtoto mchanga ikitumia kilo nne za sukari, lita tatu za mafuta na nepi nne kwa siku, kwa mwezi imelipa zaidi shilingi 80 kwa sukari, 300 kwa mafuta na 840 kwa nepi. Jumla ni 1,220, na hakuna aliyepunguziwa sahani.

Ni kweli pia kwamba kikubwa si lazima kiwe nafuu. Maziwa ya ATM, yaani ya mashine ya kujipimia, kwa kawaida huwa chini kuliko ya pakiti, na unga wa kusagisha mashineni huweza kuushinda wa supamaketi, ingawa ule wa pakiti ndio ambao sheria tangu 2012 inataka uongezewe madini na vitamini. Kwenye rafu za supamaketi kuna pakiti zilizofanana na za nusu kilo kumbe ndani ni gramu 400. Dawa ni simu yako: gawa bei kwa gramu, zidisha kwa elfu moja, ujue unailipa kilo shilingi ngapi. Ukishafanya hivyo kwa bidhaa kumi unazonunua kila wiki, huna haja ya kurudia tena mpaka bei zibadilike.

Elfu moja ya kuanzia inatoka wapi? Haitoki yote kwa mkupuo. Mwezi wa kwanza nunua kitu kimoja tu kwa kipimo kikubwa, kile kinachokuumiza zaidi. Tofauti utakayoiokoa hapo ndiyo itakayonunua cha pili mwezi unaofuata. Nyanya, mboga na mkate viache kwa mama mboga na duka la jirani, maana kilichooza hakikuokolea kitu. Maharagwe na mahindi yakae kwenye chombo kikavu kinachofunga sawasawa, la sivyo dumuzi na fukusi watakula sehemu yao. Na kuna tabia moja ya binadamu ambayo hakuna mafunzo yanayoiondoa: kikiwa kingi, kinatumika kingi. Mtungi wa lita tano wa mafuta ukikaa karibu na jiko utaisha mapema kuliko hizo chupa tano ulizokuwa ukinunua. Chukua kikopo kidogo, jaza mafuta ya wiki moja siku ya Jumapili, mtungi urudi chini ya kitanda. Kikopo kikiisha Alhamisi, wenye nyumba wote wajue kwamba Ijumaa hakuna kukaanga.

Sasa tuingie jikoni, ambako ndiko hela nyingi huteketea kwa maana halisi ya neno. Anayenunua mkebe wa makaa wa shilingi 100 kila siku ametumia 3,000 kwa mwezi. Mtungi wa gesi wa kilo 6, tuseme unajazwa kwa 1,200, huweza kuihudumia familia ndogo wiki tatu ikiwa hauchemshiwi maharagwe. Kwa mwezi hiyo ni takriban 1,700. Kikwazo ni fedha za kuanzia, yaani mtungi, kichomeo na grili, lakini kwa tofauti hiyo hurudi ndani ya miezi michache. Sera nayo imekuwa ikisukuma upande huo: gesi ya kupikia iliwekewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 Julai 2021, ikapunguzwa hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaondolewa kabisa Julai 2023, wakati mafuta ya taa yamebeba tozo ya shilingi 18 kwa lita tangu 2018.

Unapobadilisha mtungi, mwambie mwuzaji aupime mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma, kwa kawaida karibu na shingo. Toa huo kutoka kwa uzito unaosomeka kwenye mizani, kinachobaki kiwe kilo 6. Wa bei ya chini mno, unaojazwa nyuma ya nyumba, achana nao. Waliokuwa karibu na kiwanda haramu cha gesi kule Embakasi Februari 2024 hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Maharagwe ni somo peke yake. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, uchemshe kwa maji mapya, na nusu ya kazi imekwisha bila moto. Sufuria ya presha ikiwepo ni afadhali zaidi. Isipokuwepo, kuna kikapu cha kuhifadhi joto, kile kilichojazwa vitambaa au mabaki ya sponji, ambacho akina mama wengi mtaani hushona wenyewe. Maharagwe yaliyolowekwa yachemke sana nusu saa, sufuria ifunikwe, iingizwe kikapuni, na baada ya saa kadhaa utayakuta yameiva. Hiyo nusu saa usiipunguze hasa kwa maharagwe mekundu, kwani yana sumu ya asili isiyokufa kwa joto dogo. Lakini ukiwa unaishi peke yako kwenye chumba kimoja, ya kununua yaliyochemshwa tayari kwa mama wa githeri ni nafuu kuliko kujichemshia. Yeye makaa yake yanahudumia sufuria ya watu arobaini. Hapa kanuni ya kununua kwa wingi inavunjika, na iache ivunjike.

Upande wa pili wa uvujaji uko kwenye simu. Kwa viwango vya M-Pesa vilivyoanza Julai 2023, kutoa fedha kwa wakala kuanzia shilingi 101 hadi 2,500 ada ni ileile, 29. Anayetoa 300 analipa 29, na anayetoa 2,500 analipa 29. Ukitoa 300 kila siku ya kazi, siku ishirini ni shilingi 580 za kugusa pesa zako mwenyewe. Kiasi hichohicho kingetolewa kwa mara tatu, ungelipa 87. Bora zaidi ni kutokutoa kabisa: kulipia dukani kwa till, yaani namba ya malipo ya biashara, hakumkati mnunuzi chochote. Angalia tu usichanganye till na kumtumia mwenye duka kwenye namba yake. Hapo unalipa ada ya kutuma, shilingi 7 kwa kati ya 101 na 500, na inapanda kwenda juu. Mpaka 100 kutuma ni bure, jambo ambalo konda na mama mboga wamelijua kabla yetu.

Kuhusu mikopo ya simu nitakuwa mkali kidogo. Mkopo wa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kiwango ambacho M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa, ilianza nacho mwaka 2012, unaonekana mdogo: elfu mbili, ada 150. Ila wengi hawakopi mara moja. Hulipa leo jioni na kukopa tena kesho asubuhi. Kwa mwaka mzima ada hizo ni 1,800, bila kuhesabu ushuru, na zile elfu mbili bado unadaiwa. Fuliza, huduma ya kulipa kwa M-Pesa zaidi ya salio lako iliyoanza Januari 2019, ina hila yake: ada hujumlishwa kila siku, na chochote kinachoingia kwenye simu hukatwa kwanza. Mshahara unaingia, unajikuta huna kitu, unafuliza tena. Kwa mikopo ya saccos nyingi, riba ni asilimia moja kwa mwezi ya salio linalobaki. Najua nitaonekana navutia ngozi kwangu, basi hesabu mwenyewe. Simkatazi mtu kukopa kwa simu mtoto akiugua usiku. Ninachosema ni kwamba ukikopa kila mwezi ili ununue unga, stoo ndiyo mkopo wako wa kwanza, na hauna riba.

Kodi ya nyumba ndiyo watu hukosea kuipunguza. Mtu anahama Industrial Area kwenda Rongai kwa kuwa nyumba ni nafuu kwa elfu nne. Halafu analipa 100 mpaka mjini na 50 nyingine mpaka kazini, kwenda na kurudi, siku 24. Hiyo ni 7,200, na mvua ikinyesha makanga hupandisha bila kuuliza. Kabla ya kuhama, jumlisha kodi na nauli pamoja, uongeze na saa unazokaa barabarani. Kama njia yako inafuata reli ya abiria ya Syokimau, Embakasi, Ruiru au Kikuyu, ulizia nauli ya treni kwanza.

Umeme nitaupitia haraka. Bei ya yuniti hupanda kwa ngazi, chini ya 30 kwa mwezi, hadi 100, na zaidi ya 100, kwa hiyo kupungua kidogo kunaweza kukushusha ngazi. Shawa ya umeme ya kilowati 5 hula yuniti nzima kwa dakika 12. Birika moja la maji yaliyochemka, likichanganywa na ya baridi kwenye beseni, hula kama sehemu ya tano ya yuniti. Taa karibu kila mtu ameshabadilisha. Maji, nunua pipa la kuhifadhi na ujaze siku ya mgao: mita moja ya ujazo ni mitungi 50 ya lita 20, na kwa shilingi 10 kila mtungi umelipa 500, mara kadhaa ya anacholipa mwenye mita ya jiji. Nguo, Gikomba asubuhi wakati wa kufungua mtumba bei iko juu, jioni imeshuka. Kama huhitaji kamera, yaani nguo za chaguo la kwanza, subiri.

Kuna mahali pa kutobana. Dawa ya kutibu maji au kuyachemsha, usikose. Kuhara kwa mtoto mmoja kunakula akiba ya miezi. Mchango wa bima ya afya usiuruke kwa sababu mwezi huu hujaugua. Na usiache kula mchana ili utimize lengo la akiba. Kama mtoto yuko shule ya msingi ya umma hapa Nairobi, muulizie mlo wa Dishi na County, ulioanza 2023 kwa shilingi 5 kwa sahani. Kumpa hela ya mandazi njiani ni kulipa zaidi kwa chakula kidogo.

Ukishaizoea stoo ya nyumbani, ukubwa wake unaofuata ni chama cha chakula. Majirani kumi wakichanga kila wiki wanaweza kununua gunia la mahindi la kilo 90 na mitungi ya mafuta ya lita 20 kule Nyamakima kwa bei ya jumla, wagawane kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka. Anayeshika fedha asiwe anayeshika ufunguo wa stoo, na gunia lipimwe mbele ya watu watatu kabla ya kulipiwa. Vyama vingi hugawana Desemba, na hapo ndipo ninapotofautiana navyo. Mchele na sukari vya Desemba hupanda basi kwenda ushago, yaani kijijini, vinaliwa na ukoo mzima kabla ya mwaka mpya, kisha watu wanarudi jijini kukutana na karo, sare za shule na Njaanuari. Gawaneni robo tu Desemba, ya sikukuu. Iliyobaki ikae kwa mwenye ufunguo mpaka shule zifunguliwe.