Kitanda, mnara na simu: namna ninavyopima uga wa sumakuumeme nyumbani

Mwezi uliopita nilipiga magoti kando ya kitanda cha mtoto wa miaka minne na kuweka kipimo juu ya mto wake. Kikasoma mikrotesla 1.8; mikrotesla ni kizio cha nguvu ya uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inafika. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni. "Fundi, ni ule mnara?" akauliza, akielekeza kidevu dirishani, ambako mnara wa simu ulichomoza juu ya mapaa. Sikumjibu papo hapo. Nilitoka nje, nikauzunguka ukuta, nikakuta nilichokuwa nakishuku: upande wa pili, sawasawa na kichwa cha kitanda, palikuwa na bodi kuu ya umeme wa nyumba. Nikarudi ndani, nikavuta kitanda karibu mita moja kutoka ukutani. Namba ikashuka hadi 0.15.

Mnara haukuhusika hata kidogo. Kifaa nilichokuwa nimeshika hakiwezi hata kuusikia.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu neno "mionzi" tunalitumia kwa vitu visivyofanana. Nyaya za nyumbani, transfoma na mota za jokofu hutoa uga wa masafa ya chini kabisa, hezi 50 au 60 (mitetemo kwa sekunde) kutegemea nchi. Simu, ruta na minara hutumia mawimbi ya redio ya mamia ya megahezi hadi gigahezi kadhaa. Kila kundi lina vipimo vyake, vizio vyake na vikomo vyake, na pia namna yake ya kuugusa mwili. Uga wa masafa ya chini, ukiwa mkali sana, husisimua neva na misuli. Mawimbi ya redio, yakiwa makali sana, hupasha tishu joto. Yote mawili hayana nguvu ya kung'oa elektroni kwenye atomu kama eksirei inavyofanya: fotoni, yaani punje moja ya nishati ya wimbi, ya gigahezi 2.4 ina nishati ndogo mara milioni moja hivi kuliko inayohitajika kwa kazi hiyo.

Kabla sijaendelea, niseme kuhusu mkono. Kipimo cha uga wa sumaku kina koili, yaani waya uliozungushwa, ndani yake. Ukikitembeza huku kimewashwa, koili inakatiza uga wa dunia yenyewe, ambao ni kati ya mikrotesla 25 na 65, na namba zinarukaruka ovyo. Nimetumiwa video nyingi za watu wanaozunguka sebuleni na kifaa mkononi, wakiogopa kila namba inayopanda, kumbe wanapima mwendo wa mkono wao. Kiweke juu ya stuli, ondoa mkono, subiri sekunde kumi, ndipo usome. Kama ni kifaa cha bei nafuu chenye koili moja, kigeuze pande tatu, kila namba uizidishe kwa yenyewe, jumlisha zote tatu, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo. Usipofanya hivyo unaweza kupata nusu ya ukweli au chini ya hapo.

Kuna na suala la saa. Uga wa sumaku unafuata mkondo wa umeme. Waya uliounganishwa lakini hakuna kinachotumia umeme una uga wa umeme tu, hauna wa sumaku. Ukipima saa nne asubuhi nyumba ikiwa tupu, utaambiwa mambo ni shwari. Pima tena jioni, jiko na hita ya maji vikiwa vimewashwa, uone. Ndiyo maana kwa yule mtoto, kabla sijasogeza kitanda moja kwa moja, nilikirudisha ukutani nikaacha kirekodi juu ya mto kwa saa 24. Wastani ulitoka mikrotesla 0.7.

Sasa, kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii, ni mikrotesla 200 kwa umma kwenye hezi 50, kwa mujibu wa mwongozo wake wa 2010. Ule wa 1998 ulisema 100. Nilichokipima ni chini ya asilimia moja ya kikomo. Mbona basi nilisogeza kitanda?

Kwa sababu kikomo hicho kimewekwa kuzuia madhara tunayoyafahamu vizuri, yaani msisimko wa neva, ambao hutokea hapo hapo. Hakikuwekwa kujibu swali la miaka mingi. Swali hilo lilianza rasmi 1979, pale Nancy Wertheimer na Ed Leeper walipochapisha utafiti wa Denver uliohusisha nyaya za umeme za mitaani na saratani za watoto. Utafiti ulikuwa na kasoro, lakini swali lilibaki. Mwaka 2000 chambuzi mbili zilizounganisha data za tafiti nyingi zilikuta jambo lile lile: watoto walioishi kwenye wastani wa kati ya mikrotesla 0.3 na 0.4 au zaidi walikuwa na saratani ya damu kwa karibu mara mbili ya wengine. Watoto wa namna hiyo walikuwa wachache mno. Katika uchambuzi mmoja hawakufika hata mmoja kwa kila 100. Kwa msingi huo, 2001 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliuweka uga huu kwenye kundi la 2B: huenda unasababisha saratani.

Naomba neno "huenda" lisomwe kwa uzito wake kamili, pande zote mbili. Majaribio ya wanyama hayakuunga mkono uhusiano huo. Hakuna aliyeonyesha njia ambayo uga dhaifu kiasi hicho ungeweza kuanzisha saratani. Inawezekana pia familia zilizokubali kushiriki zilitofautiana na zilizokataa, na tofauti hiyo ndiyo iliyozaa takwimu. Lakini uhusiano haujafutika. Kusogeza kitanda hakugharimu kitu. Kumwambia mama yule kwamba mwanawe yuko hatarini kungekuwa uongo, na kumwambia kwamba nimethibitisha usalama kungekuwa uongo pia. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, kisha tukashika kitanda, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine.

Umbali ndio dawa kubwa katika masafa haya. Uga wa koili ya mota au transfoma hupungua kwa mchemraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali zaidi, unabaki moja ya nane. Draya ya nywele ikiwa karibu kabisa na kichwa inaweza kutoa mikrotesla mamia, na ukiinyoosha mbele yako urefu wa mkono karibu zote zimeisha. Isitoshe inatumika dakika chache. Mto unalaliwa saa nane.

Kuhusu mnara, nilibadilisha kifaa, nikafungua dirisha na kusimamisha antena yenye mihimili mitatu kwenye miguu yake. Simu zetu zote zilikuwa zimezimwa na kupelekwa chumba kingine, kwani simu iliyo mfukoni mwa mpimaji huharibu kazi yote. Nikarudi nyuma, maana mwili wa mtu hukinga mawimbi, na nikaacha kifaa kitafute wastani kwa dakika 30. Kilele cha nusu sekunde hakiniambii mwili umepokea nini. Jibu lilikuwa volti 0.6 kwa mita, kizio cha nguvu ya uga wa umeme wa mawimbi, zaidi likitoka kwenye megahezi 900, ambako kikomo ni volti 41 kwa mita. Ni mara 70 hivi chini. Na kwa kuwa nishati inakwenda kwa mraba, kwa upande wa nishati ni zaidi ya mara 4,500 chini. Anayekuambia "asilimia ya kikomo" muulize anahesabu ipi kati ya hizo mbili.

Vikomo vya mawimbi ya redio vimejengwa juu ya joto. Mwili mzima ukifyonza wati 4 kwa kila kilo moja ya uzito, joto lake linaweza kupanda kwa nyuzi moja hivi. ICNIRP ikaigawa namba hiyo kwa 50 ikapata 0.08 kwa umma. Kwa kichwa, kikomo ni wati 2 kwa kilo, zikipimwa kwenye gramu 10 za tishu. Marekani hutumia 1.6 kwenye gramu moja. Namba hizi hazipatikani kwa kuegemeza kipimo kwenye simu. Maabara hujaza umajimaji unaofanana na ubongo kwenye ganda lenye umbo la kichwa, simu ikashikizwa kwa nje ikirusha kwa nguvu yake yote, na roboti ikatembeza kihisi ndani ya ule umajimaji, milimita kwa milimita.

IARC iliyaweka mawimbi haya pia kwenye 2B, Mei 2011. Tangu hapo ushahidi umeongezeka, na kwa binadamu umeelekea kutuliza wasiwasi: mapitio yaliyoagizwa na WHO na kuchapishwa 2024 hayakukuta uhusiano kati ya simu na saratani za ubongo, hata kwa waliotumia miaka 10 na zaidi. Upande wa wanyama, utafiti wa serikali ya Marekani wa 2018 ulikuta uvimbe kwenye mioyo ya panya dume waliopigwa mawimbi mwili mzima, saa tisa kwa siku, kwa viwango vya hadi wati 6 kwa kilo. Panya hao hao waliishi muda mrefu kuliko wenzao ambao hawakuguswa. Siwezi kuuficha utafiti huo, wala siwezi kuufanya useme jambo kuhusu ruta iliyo ukumbini.

Hukutana pia na watu wanaoumwa kweli: kichwa, ngozi kuwaka, usingizi kukata. Wanaamini ni mawimbi. Katika majaribio ambayo mgonjwa na mpimaji wote hawakujua kama kifaa kimewashwa, watu hawa hawakuweza kutambua, na dalili zilikuja hata kikiwa kimezimwa. Hilo halifanyi maumivu yao kuwa ya kubuni. Nawaomba waende kwa daktari na malalamiko yote, wasibaki na mimi na vipimo vyangu, kwa sababu nimeona magonjwa ya tezi na shinikizo la damu vikicheleweshwa kutibiwa kwa miezi.

Walio karibu na vikomo hasa ni mafundi wanaopanda mbele ya antena zinazorusha na wanaofanya kazi kwenye tanuri za kuyeyushia chuma kwa umeme. Na mwenye betri ya moyo, kifaa kilichopandikizwa kurekebisha mapigo, aweke simu sentimita 15 mbali na kifua.

Kabla sijaondoka kwa yule mama, nilimwomba awashe simu yake na kupiga. Antena niliiweka sentimita 30 kutoka kwenye simu. Dirishani, mnara ukituangalia, kifaa kilisoma volti 0.9 kwa mita. Tukaingia stoo, ambako mtandao ni wa kuokoteza na simu inalazimika kupaza sauti ili isikike. Kikasoma 5. Alitazama namba, akatazama simu, kisha akaiondoa sikioni na kuweka spika.