Pale "wewe" inapogeuka "nyinyi"

Kazi yangu ni kuendesha mikutano ya watu wasiokubaliana. Nimeifanya hapa Nairobi kwa miaka 14 sasa: kwenye ploti za kupanga, kwenye vyama vya akina mama, kwenye mabaraza ya machifu, na katika wadi bajeti ya kaunti inapoletwa kwa wananchi. Watu huniuliza nasikiliza nini hasa, maana muda mwingi nimeketi pembeni na kalamu, kimya. Nasikiliza neno moja dogo. Nangoja "wewe" igeuke "nyinyi".

Mwaka jana niliitwa kwenye ploti moja huko Umoja. Maji ya mfereji yalikuja siku mbili kwa wiki, na siku zilizobaki watu walinunua mtungi wa lita 20 kutoka kwa mikokoteni. Wapangaji walikuwa wamechanga pesa za tangi na pampu. Pampu ikaungua, ugomvi ukazuka. Tulikutana uani Jumapili jioni, viti vya plastiki vimepangwa duara, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vyetu na bado zinadondosha maji.

Kijana mmoja wa bodaboda, mkazi wa orofa ya nne, aliuliza risiti ya pampu iko wapi. Mama aliyekuwa mweka hazina, ambaye huuza mboga pale getini, akajibu kwamba alimpa keateka, yule mwangalizi wa ploti. "Lakini mama, wewe ndiye tuliyekupa pesa," kijana akasema. Hadi hapo mambo yalikuwa sawa kabisa. Mtu aliyepewa amana anaulizwa habari ya amana. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Nyinyi mkishika pesa huwa ni hivyo tu."

Hakutaja kabila. Hakuhitaji kulitaja. Mama alisimama, akaikaza leso kiunoni, na nikaona viti vikianza kusogea. Kwa muda wa dakika moja hivi, duara lilikuwa limekatika vipande viwili, na pampu hakuna aliyeikumbuka tena.

Niliomba nafasi. Nikamgeukia yule wa nyuma: "Ndugu yangu, nisaidie. Mama amesema nini kuhusu risiti?"

"Amesema haijui."

"Hebu nipe maneno yake mwenyewe."

Akanyamaza. Alikuwa hajayasikia. Nikamwomba mama ayarudie, kisha nikamwomba yeye ayaseme. "Anasema risiti alimpa keateka."

"Ndivyo, mama?"

"Ndivyo. Na nilimpa mbele ya Mama Shiru, jioni ile stima zilipotea."

Jambo jipya lilikuwa limepatikana: tuna shahidi, tuna siku. Vichwa vyote vikamgeukia keateka, naye akainuka kwenda chumbani kwake kutafuta.

Mbinu hiyo naiita kurejesha kauli, na ndiyo ninayoifundisha kuliko nyingine zote. Kabla ya kumjibu mtu, sema alichokisema mpaka yeye mwenyewe akuambie "ndivyo". Inaonekana ya kitoto hadi uijaribu ukiwa na hasira. Nusu ya mabishano ninayoamua ni ya watu wanaojibu kauli ambayo haikutolewa. Walichosikia ni jina la msemaji, lafudhi yake, mtaa anakotoka, na wakajaza yaliyobaki. Unapolazimika kuyabeba maneno ya mwenzako kinywani mwako, hoja inamtoka mwenyewe na kuwa kitu kilicho mezani, ambacho hata wewe unaweza kukigeuza na kukitazama.

Watu wengi, hasa wanaume wanaobishana siasa, hukataa kurudia kwa sababu wanadhani ni kukubali. Huwa nawaambia wanaweza kurudia neno kwa neno na bado wapinge vikali. Upinzani wao sasa unakuwa na shabaha.

Ndani ya matatu, "wewe" kugeuka "nyinyi" huja kwa sura nyingine. Mnazungumza juu ya bei ya mafuta, mazungumzo mazuri tu, halafu jirani anauliza: "Kwani jina lako la pili ni nani?" Kila Mkenya anajua swali hilo linatafuta kabila lako. Mimi hujibu kwa upole kwamba natoka Umoja na naomba turudi kwenye mafuta. Mara nyingi hurudi.

Sisemi haya kwa kuyakuza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika nchi hii, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Neno "madoadoa" lilikuwa limeshasemwa miaka mingi kabla ya hapo katika Bonde la Ufa, likimaanisha majirani wa kabila jingine, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa bado ililazimika kuliweka kwenye orodha ya maneno ya kuepukwa. Katiba ya 2010, Ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza na hapo hapo inautoa nje uchochezi na matamshi ya chuki. Lakini sheria inafika mwishoni, maji yameshamwagika. Ile "nyinyi" ya uani haina kosa la kushtakiwa, na sitaki iwe nalo. Ni sisi tuliokaa kwenye viti vile tunaopaswa kuisikia.

Kuna jambo linanikera, nalo ni heshima kutumiwa kama kifuniko cha sufuria. Juni 2024 vijana walipoupinga Mswada wa Fedha, waliambiwa na wakubwa wengi kwamba hawana adabu, hata kabla hoja yao juu ya kodi ya mkate haijajibiwa. Kijana akimwita mtu "mzee" au "mama" ametimiza heshima yake. Anayeitwa hivyo bado anadaiwa jibu.

Tena, watu hawawezi kuzungumza vizuri juu ya kitu wasichokielewa. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, na nimeshahudhuria kikao ambapo kitabu kizima cha bajeti, chote kwa Kiingereza, kiligawiwa asubuhi ile ile na kila mtu akapewa dakika mbili. Walipiga kelele. Ningepiga pia. Siku hizi nikialikwa mahali kama hapo huchukua mstari mmoja tu, kwa mfano mitaro ya wadi, nikausoma kwa Kiswahili na kuuliza: hapo kwako, maji ya mvua hupita wapi? Mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye mkutano husimama akaonyesha kwa mkono.

Keateka alirudi na bahasha ya kaki. Risiti ilikuwamo, imekunjwa mara nne, na bei iliyoandikwa ilikuwa pungufu ya pesa zilizochangwa kwa shilingi 800. Kijana akasema, "Mama, wewe tuambie hizi 800." Mama akasema ni za fundi. Nani alimwona fundi? Alilipwa siku gani? Tulibishana hadi saa mbili usiku, kwa ukali kweli kweli, nguo zikaanuliwa watu wakiwa bado wanazungumza, na viti vilikuwa vimesharudi kwenye duara.