Waya wa DNA: waya ni upi hapo?

Juzi kibarazani Ngamiani, jirani yetu fundi umeme alikuwa akimfundisha kijana wake kwa nini shoti hupita mwilini. "Wanasayansi wameshapima, DNA ni waya. Mwili mzima umetandazwa waya." Kijana akaitikia, "Sawa, fundi." Kahawa yangu ikanipoa mkononi. Ni mara ya tatu nalisikia hilo mwezi huu.

Shoti hupita mwilini kwa sababu ndani yetu mna maji ya chumvi. DNA, ule uzi wa urithi uliomo ndani ya seli zetu, haina hatia.

Waya wa DNA ni istilahi ya elektroniki za molekuli, fani inayotafuta kuunda sakiti kwa molekuli badala ya kuzichonga kwenye silikoni. DNA inawavutia wanasayansi kwa wembamba wake, upana wa nanomita 2 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na kwa kuwa besi zake, vile vipande vinne vinavyoandikwa kwa herufi A, T, G na C, hushikana kwa jozi: A na T, G na C. Ukizipanga herufi vizuri, uzi unajinasa wenyewe pale unapoutaka. Basi, maana ndiyo hiyo.

Kinachoniudhi ni kwamba jina hilo moja limebebeshwa vitu viwili.

Cha kwanza ni uzi wenyewe kupitisha chaji ya umeme. Besi zake zimepangana kama sahani, nanomita 0.34 kutoka moja hadi nyingine, na chaji huruka humo, hasa kwenye G, maana G ndiyo rahisi kunyang'anywa elektroni. Mwaka 1993 Jacqueline Barton na wenzake, huko California, walionyesha elektroni ikivuka hivyo. Mwaka 2000, watafiti wa Delft, Uholanzi, walipima kipande cha jozi 30 za G na C, urefu wa nanomita 10.4: umeme ulipita, lakini mpaka volti zipandishwe kwanza. Hiyo ni tabia ya nusu-kipitishi, kitu kinachopitisha umeme kwa masharti, si ya shaba. Wengine wakapima nyuzi ndefu, wasipate kitu.

Cha pili ni cha Haifa, Israeli, 1998. Uzi wa DNA ulitandikwa kati ya vipande viwili vya dhahabu, kisha ukavishwa fedha, ukawa waya wa maikromita 12, yaani nanomita 12,000. Umeme ukapita. Kabla ya fedha, uzi uleule haukupitisha kitu. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji maabara kulielewa hili: zungushia kamba ya katani waya wa shaba, taa iwake, halafu uniambie katani inapitisha umeme.

Na hapa lugha yetu ina mzaha wake. Neno simu asili yake ni Kiajemi, sim, na huko sim ni waya, tena ni fedha, ile madini. Ndiyo maana wazee walikuwa "wakipata simu" kabla hakujawa na kifaa cha kuweka sikioni: ni telegramu, habari iliyopita kwenye waya. Waya tumelitoa kwa Waingereza, kwa hiyo "waya wa simu" ukiuchambua ni waya wa waya, na hakuna anayelalamika. Lakini kile cha Haifa ni sim kwa maana zote mbili, na kinachostahili jina hilo ni fedha. DNA pale ni kiunzi. Kiunzi linatokana na kuunda, kama vyombo vinavyoundwa huku pwani: mbao za jahazi hupigiliwa juu ya kiunzi, nacho hufichika ndani.

Nikamwambia fundi hayo, kwa upole, maana ndiye anayenitengenezea feni. Akafikiri. "Kwa hiyo ile ya fedha niseme kiunzi?"

"Sema kiunzi."

"Na ile ya kwanza, ya kurukaruka? Ile si waya?"

Nikamkubalia nusu: waya, fundi, ila mfupi mno, na unachagua herufi.