Nani ana mataji mengi zaidi? Dhana potofu kuhusu rekodi za tenisi ya wanaume

Watu wengi huamini kwamba Novak Djokovic, kwa kuwa ana mataji 24 ya Grand Slam, ndiye mwanamume aliyetwaa mataji mengi kuliko wote katika tenisi ya kulipwa. Hesabu hiyo ya 24 inahusu mashindano manne tu ya mwaka, yaani ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Ukijumlisha mataji yote ya mchezaji mmoja mmoja katika ngazi ya juu tangu 1968, kinara ni Mmarekani Jimmy Connors mwenye 109, akifuatiwa na Roger Federer mwenye 103. Djokovic alifikisha taji la 100 mjini Geneva mwezi Mei 2025. Connors ana Grand Slam 8 pekee, na ikumbukwe kwamba Australia alikwenda kucheza mara mbili tu: mwaka 1974 alipotwaa ubingwa, na 1975 aliposhindwa katika fainali.

Wapo pia wanaosema kuwa Rafael Nadal aliweza viwanja vya udongo tu. Ni kweli kwamba 14 kati ya Grand Slam zake 22 alizipata Paris, kwenye mashindano ya Ufaransa yanayochezwa kwenye udongo, lakini zile 8 zilizobaki, alizozitwaa kwenye nyasi na viwanja vigumu, zinalingana na zote za Connors.

Dhana inayoniuma zaidi ni ile inayompima Rod Laver kwa Grand Slam zake 11 na kuhitimisha kwamba alikuwa wa kawaida. Mwaka 1962 Mwaustralia huyo alitwaa mataji yote manne, kisha akajiunga na wachezaji wa kulipwa, na kwa kuwa mashindano hayo yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao, akafungiwa mlango kuanzia 1963 hadi 1967. Hayo ni mashindano 20 ambayo hakuruhusiwa hata kuyaingia, akiwa katika ubora wake. Katika miaka hiyohiyo mwenzake Roy Emerson alitwaa Grand Slam 10 kati ya 12 zake, na rekodi hiyo ya 12 ikadumu hadi Pete Sampras alipoipita mwaka 2000. Simdharau Emerson hata kidogo, ila namba yake haisomeki vizuri bila kukumbuka nani hakuwepo. Mlango ulipofunguliwa mwaka 1968, Laver alitwaa Wimbledon mwaka huohuo, na 1969 akayachukua tena yote manne.

Mwisho, mataji 7 ya Wimbledon ya Mwingereza William Renshaw hutajwa bega kwa bega na 8 ya Federer, kana kwamba yalipatikana kwa njia moja. Zamani bingwa mtetezi hakupita raundi yoyote. Alikaa akisubiri wengine wachujane, kisha akacheza na mshindi wao mechi moja ya kuamua ubingwa. Mwaka 1882 aliyejitokeza kumkabili William alikuwa Ernest, pacha wake, naye William akamshinda. Kwa utaratibu huo, uliofutwa mwaka 1922, mataji yake matano, ya 1882 hadi 1886, kila moja lilimgharimu mechi moja, ilhali Federer alilazimika kuvuka raundi saba kila mara alipobeba kombe.