Simu yako inashika satelaiti nyingi kuliko ndege? Ndiyo, na sababu ipo

Tangu tuanze hii kampeni dhidi ya vifaa vya kuua GPS, yaani vinavyoziba siginali za satelaiti, swali linalorudi kila siku ni hili: mbona simu ya laki nne inashika satelaiti za Marekani, Ulaya, Urusi na China kwa mpigo, halafu ndege ya mabilioni bado inategemea GPS ya Marekani peke yake, tena masafa mamoja tu ya 1575.42 MHz? Swali zuri, na kweli ndege nyingi zinazoruka leo ziko hivyo. Ila mtu akimalizia na "kwa hiyo tunapanda ndege kwa bahati nasibu", hapo jamani mnatuchosha.

Simu ikikosea unampigia dereva anageuza, yameisha. Risiva ya ndege, kifaa kinachopokea siginali za satelaiti, kazi yake kubwa ni kujua saa ngapi inyamaze. Kwenye utuaji wa LPV-200, yaani wa kuongozwa na satelaiti, kosa la kimo likivuka mita 35 rubani lazima apate onyo ndani ya sekunde 6, na kosa kupita kimyakimya lisizidi mara 2 kwenye utuaji milioni 10. Simu yako hakuna aliyewahi kuiuliza hayo. Ndo maana risiva mpya inakaa miaka kwenye majaribio kabla ya kufungwa kwenye ndege, siyo kwamba mainjinia wamelala.

Risiva za sasa zinajikagua zenyewe: satelaiti 4 zinakupa mahali ulipo, ya 5 inagundua kuna moja inadanganya, ya 6 inasaidia kuitoa hiyo moja. Shida ni pale zote zinapodanganya kwa pamoja. Kuanzia Septemba 2023 ndege za abiria zinazopita Mashariki ya Kati zikaanza kupokea siginali feki zilizopangwa vizuri kabisa, saa ya ndege inaruka, onyo la mlima linalia "pull up" (panda juu) wakati ndege iko juu mno na hakuna mlima, na risiva nyingine hata ikishatoka eneo hilo hairudi sawa mpaka itue iwashwe upya. Ndege zinazotoka kwetu kwenda Ulaya au Istanbul zinapita karibu na huko, kwa hiyo msidhani ni habari za mbali.

Risiva zinazotengenezwa sasa zinasikiliza masafa mawili na mifumo zaidi ya mmoja, na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, walishaziwekea viwango. Kwetu huku karibu na ikweta hii ni habari kubwa kuliko Ulaya, kwa sababu jua likishazama anga ya juu inachafuka, siginali inachelewa na kupepesuka, na masafa mawili yanaipa risiva uwezo wa kupima huo ucheleweshaji yenyewe badala ya kukisia. Kupepesuka bado kupo, ila satelaiti zikiwa nyingi ukipoteza mbili upande mmoja unabaki na nyingine. Tatizo ni kwamba masafa ya pili, 1176.45 MHz, yanakaa humohumo kwenye mawimbi ya DME za viwanjani (mitambo ya redio inayoipimia ndege umbali), hivyo risiva inabidi ijifunze kuziba masikio kwa vipande vidogo vya sekunde na kuendelea kusikiliza. Bado pia inalinganishwa na vifaa vya ndani vya kupima mwendo, ikiona ndege "imehama" kilomita 50 kwa sekunde inakataa.

Ila siginali ikifika chini ni dhaifu kuliko kelele ya kawaida ya redio, na hakuna risiva itakayosikia kitu ukiipigia kelele karibu. Kule Newark, Marekani, 2012, dereva mmoja alichomeka kifaa cha kuua GPS kwenye pikapu ya kampuni ili bosi asimuone yuko wapi, kikavuruga mfumo wa kuongoza ndege kutua uliokuwa kwenye majaribio uwanjani. FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, wakamfuata kwa vipimo mpaka getini. Faini ilipigwa dola 42,500, wakapunguza robo kwa kuwa alikisalimisha mwenyewe, ikabaki dola 31,875. Hakuwa gaidi, alikuwa anamkwepa bosi. Sasa wewe unayetaka kukwepa VTS ya LATRA (kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari) ukipita barabara ya uwanja wa ndege, hesabu mwenyewe.

Utaratibu ni huu. Rubani akipoteza GPS anamwambia muongoza ndege hapohapo: saa, mahali, kimo, na kama siginali imepotea au inadanganya. Muongoza ndege anawauliza wengine walio karibu, kisha inatoka NOTAM (tangazo kwa marubani) ili wanaofuata wajiandae kutumia VOR, DME au ILS, mitambo ya redio ya chini isiyotegemea satelaiti. Akitua anaandika ripoti, injinia anakagua risiva kwanza, kama ni nzima ndiyo tunatafuta chanzo chini. Ndege haianguki kwa kukosa GPS, tumesema hili mpaka basi, ila inaweza kurudi ilikotoka, kama Finnair walivyorudi Helsinki bila kutua Tartu, Estonia, Aprili 2024 wakasimamisha safari mpaka mwisho wa Mei.

Kifaa chochote cha redio hapa nchini kinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na cha kuziba mawimbi hakipewi, hata muuzaji akuonyeshe karatasi yenye mhuri. Kama unacho tayari, zima, toa betri, usimuuzie jirani, kipeleke TCRA. Na kuhusu kuweka simu flight mode, hilo ni suala lingine kabisa, ukiambiwa weka.