Kodiani kwenye taarabu: tuanzie noti gani?

Kabla ya kutaja ufunguo, yaani noti ambayo wimbo utaanzia, mimi humwomba mwimbaji aimbe ubeti mmoja bila ala yoyote, hasa pale sauti inapopanda. Ndipo naitafuta noti yake kwenye kodiani, kinanda changu cha mvukuto. Zamani sikufanya hivyo. Nyimbo zote za Nahawandi, moja ya maqamu (mipangilio ya noti ya Kiarabu), nilizianzia C kwa kuwa vidole vimeizoea, mpaka mwimbaji mmoja mtu mzima aliponisimamisha mazoezini: "Mwanangu, nishushie, huko juu sifiki." Tukashuka hadi A, wimbo ukatulia.

Kodiani hairekebishwi sauti jukwaani. Vilimi vyake vya chuma vimeshasawazishwa, kwa kawaida A ikiwa hezi 440 au 442, hivyo wa udi, fidla na ganuni ndio hulinganisha nyuzi zao na wewe. Basi kwenye ufunguo, wewe ndiye wa kuwafuata. Udi mara nyingi hufungwa C, F, A, D, G, C. Bayati, maqamu nyingine, ikianzia D hapo inaitikiwa na nyuzi zenyewe. Ipandishe hadi E flati (E iliyoshushwa nusu toni) uone mpiga udi anavyopoteza ule mvumo. Wa ganuni anaweza kuhama, lakini ana vipini vidogo vya kuinua na kushusha, oktava baada ya oktava. Kwako ni kuhamisha vidole tu.

Lakini kuna tatizo ambalo kuhama hakulitibu: robo toni. Bayati ya D inataka noti iliyo kati ya E flati na E, na kodiani ya kawaida haina. Wengine hudhani wakihamia G wamepona. Huko nako inadaiwa noti iliyo kati ya A flati na A! Misri wako mafundi waliokwangua vilimi wakaipata robo. Yangu haijaguswa, kwa hiyo kwenye Bayati noti ya pili nawaachia fidla. Napita D, F, G, A, na mahali pengine nanyamaza kabisa. Kubandika E flati pale ni kuivunja Bayati mbele ya watu waliokua nayo, na masikio yao hayasamehi.

Kwenye Nahawandi na Hijazi kodiani inajimwaga. Kijana anayeanza namshauri aishike kwanza Hijazi, maqamu isiyodai robo toni, ikianzia D, yenye E flati na F sharpu (F iliyopandishwa nusu toni), kisha aihamishie A, kwa B flati na C sharpu, na G, kwa A flati na B. Akiziweza hizo tatu, mwimbaji akisema "nishushie" hatabaki akitafuta vidole huku fidla zimeshaingia.